Mahakama Mbili Zilizozaliwa na Majeraha: Kenya na India

Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa mbele ya wasaidizi wa kisheria, walimu na wanafunzi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wasaidizi wa kisheria mliotoka Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, walimu, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Assalaam alaykum, na kwenu nyote, hamjambo.

Mmeniomba nilinganishe mahakama za juu kabisa za nchi mbili za kidemokrasia. Najua wengi wenu mlitarajia niitaje Marekani, kwa kuwa habari za majaji wake tisa hutufikia kila kukicha. Nimeichagua India, na sababu yangu inatoka pwani hii hii. Waingereza walipoanza kuendesha mahakama zao katika mji huu mwishoni mwa karne ya 19, sheria nyingi walizozitumia hawakuzitunga hapa, walizichukua India zikiwa zimekwisha kuandikwa. Sheria ya India ya Uhamisho wa Mali ya mwaka 1882 iliendelea kutumika juu ya hati za ardhi katika nchi yetu mpaka Bunge lilipoifuta mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mtu aliyeuza kiwanja chake hapa Mombasa mwaka 2005 huenda alikiuza chini ya sheria iliyotungwa ng'ambo ya bahari kabla babu yake hajazaliwa.

Basi mahakama hizi mbili zina nasaba moja. Zote zilirithi majoho, taratibu na mazoea ya Uingereza, na zote zinahukumu kwa katiba iliyoandikwa baada ya wananchi kudai uhuru wao. Mbona basi leo hazifanani? Mbona moja ina majaji saba na nyingine ina nafasi za majaji 34? Mbona moja huwahoji wanaotaka ujaji mbele ya kamera za televisheni, na nyingine huwachagua ndani ya chumba kilichofungwa?

Jibu langu, nanyi mtalipima wenyewe, ni kwamba kila moja ilijengwa, au ilijijenga upya, kwa kujibu jeraha la nchi yake. Ukitaka kuielewa mahakama ya juu ya nchi yoyote, uliza kwanza nchi hiyo iliumia wapi.

Tuanze na jeraha letu, maana vijana waliomo humu walikuwa wadogo au hawakuwa wamezaliwa.

Mwaka 1988 Bunge letu liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi yao, rais akawa na uwezo wa kumwondoa jaji bila ya taratibu zilizokuwa zikimlinda. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, lakini hofu haikurudi ilikotoka. Ukaja uchaguzi wa mwaka 1992. Kenneth Matiba, aliyekuwa amepatwa na kiharusi akiwa kizuizini na hakuweza kuandika, alifungua kesi ya kupinga ushindi wa Rais Daniel arap Moi. Karatasi zilitiwa saini na mkewe, aliyekuwa na idhini ya kisheria ya kufanya hivyo kwa niaba yake. Kesi ikatupwa. Kwa nini? Kwa sababu Matiba hakutia saini kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyepoteza nguvu ya mkono akiwa mikononi mwa serikali aliambiwa hana kesi kwa kuwa mkono wake haukuandika.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 1997. Safari hii mlalamishi alikuwa Mwai Kibaki. Kesi yake nayo ikatupwa, na mwezi Desemba 1999, karibu miaka miwili baada ya kura kupigwa, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono kutupwa kwake. Kosa lake lilikuwa kwamba rais hakukabidhiwa karatasi za kesi yeye binafsi, mkononi. Nawauliza, ndugu zangu, nani kati yetu angeweza kupenya walinzi wote wale, akafika mbele ya rais wa nchi, akamkabidhi karatasi za kumshtaki? Sheria iliyodai jambo lisilowezekana ilikuwa imeufunga mlango, tena kwa adabu.

Kisha ikaja Desemba 2007. Kibaki yule yule sasa ndiye aliyekuwa rais. Wapinzani wake walipoambiwa waende mahakamani walikataa, kwa kuwa hawakuwa na imani kwamba wangepata haki huko. Yaliyofuata mnayajua. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walizikimbia nyumba zao. Sisemi kwamba mahakama peke yake ingezuia damu ile. Nasema kwamba watu hawakuwa na mahali pa kuipeleka hasira yao, na hilo lilikuwa ni kosa la miaka mingi, lililofanywa kesi moja baada ya nyingine.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Isomeni Katiba ya mwaka 2010 mkilikumbuka hilo, mtaona kila kifungu kinachohusu Mahakama ya Juu kimeandikwa na mtu aliyeumwa. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais haianzii tena chini ikapanda kwa miaka; huanzia na kuishia Mahakama ya Juu. Hufunguliwa ndani ya siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 14 tangu kufunguliwa. Uchaguzi ukibatilishwa, mwingine hufanyika ndani ya siku 60. Ni muda mfupi mno, nami naona siku 14 hazitoshi kuichunguza kura ya nchi nzima kwa makini. Lakini naelewa ni nani aliyeziandika siku hizo na alikuwa akiikimbia nini.

Hata sisi Mombasa tuliionja hofu hiyo ya muda. Katika kesi ya Hassan Joho na Suleiman Shahbal juu ya ugavana wa kaunti hii, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Februari 2014 kwamba siku 28 za kufungua kesi zinahesabiwa tangu matokeo yatangazwe, wala hazisubiri kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali kama ilivyosema sheria ya Bunge. Uamuzi ule haukuwa wa Mombasa peke yake, kwa sababu uliamua hatima ya kesi nyingine nchini zilizofunguliwa kwa hesabu ile ya zamani.

Sasa twende India, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hadithi hii ni ndefu na inastahili.

Mahakama ya Juu ya India ilianza mwezi Januari 1950 pamoja na katiba yao, ikiwa na nafasi za majaji wanane. Haikuzaliwa na hofu kama yetu. Wengi wa waliotunga katiba ile walikuwa wamekaa magerezani pamoja, waliaminiana, na waliliamini Bunge. Jeraha lao lilikuja baadaye.

Mwaka 1971 Indira Gandhi, akiwa waziri mkuu, alishinda kiti cha ubunge cha Rae Bareli. Mpinzani wake, Raj Narain, akaenda Mahakama Kuu ya Allahabad kulalamika kwamba maofisa wa serikali walitumiwa katika kampeni. Kesi ilichukua miaka minne. Tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha aliubatilisha uchaguzi ule na kumzuia waziri mkuu kushika wadhifa wa kuchaguliwa kwa miaka sita. Hebu lipimeni jambo hilo. Jaji mmoja, wa mahakama ya jimbo, akiwa peke yake katika chumba chake cha hukumu, alimwambia mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini kwamba amevunja sheria.

Je, kilifuata nini? Hazikupita wiki mbili. Usiku wa tarehe 25 Juni hali ya hatari ilitangazwa, viongozi wa upinzani wakakamatwa kabla ya mapambazuko, na mitambo ya magazeti ya Delhi ikakatiwa umeme. Bunge likaibadilisha katiba ili uchaguzi wa waziri mkuu usiweze kuhojiwa mahakamani, tena likaibadilisha sheria ya uchaguzi yenyewe na kuifanya itumike kurudi nyuma, ili makosa yaliyothibitishwa Allahabad yasiwe makosa tena.

Mambo hayo yalipofika Mahakama ya Juu mwezi Novemba 1975, majaji walitoa uamuzi ambao mimi hadi leo nauona ni nusu ya ujasiri. Walikifuta kipengele cha katiba kilichouweka uchaguzi wa waziri mkuu juu ya mahakama, na kwa hilo wanastahili heshima. Lakini waliikubali ile sheria iliyorudi nyuma, na kwa sheria hiyo waziri mkuu akabaki na kiti chake.

Mwezi Aprili 1976 ikaja kesi iliyowaumbua. Swali lilikuwa fupi: mtu aliyekamatwa na kuwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari, je, anaweza kwenda mahakamani kuuliza kama amekamatwa kihalali? Jaji Hans Raj Khanna alimuuliza Mwanasheria Mkuu wa serikali: na kama ofisa wa serikali akimuua mtu kwa chuki yake tu, hapo pia hakuna mahakama? Mwanasheria Mkuu alikubali kwamba, kwa hoja yake, maadamu hali ya hatari inaendelea, hapo pia hakuna. Majaji wote watano wa kesi ile walikuwa wamelisikia jibu hilo. Hata hivyo wanne kati yao wakahukumu kwamba serikali ni sahihi. Khanna peke yake alipinga. Mwezi Januari 1977 zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu ilipofika kwa ukuu wa kazi, serikali ilimruka ikamteua aliye chini yake, naye akajiuzulu.

Ndilo jeraha la India hilo, na ni la aina nyingine. Sisi tuliumizwa na mahakama iliyojificha nyuma ya saini na makabidhiano ya karatasi. Wao waliumizwa na mahakama iliyosikiliza yote, ikaelewa yote, kisha ikainama.

Angalieni basi mahakama ile ilifanya nini baada ya hali ya hatari kwisha na Indira Gandhi kushindwa na Raj Narain yule yule katika uchaguzi wa Machi 1977. Ilifungua mlango. Mwaka 1979, katika kesi ya Hussainara Khatoon, ilianza kusikiliza habari za mahabusu wa jimbo la Bihar waliokuwa wamekaa rumande bila kuhukumiwa, baadhi yao kwa muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangekutwa na hatia. Kesi ile ilitokana na habari zilizoandikwa gazetini, na mwanasheria mwanamke, Kapila Hingorani, akazipeleka mahakamani ingawa mahabusu hao hawakuwa wateja wake. Wakati huo huo mfungwa wa gereza la Tihar, Sunil Batra, aliandika barua kwa jaji kueleza mateso ya mfungwa mwenzake, na barua ile ikachukuliwa kuwa ndiyo kesi. Hapakuwa na wakili wa kuiandaa, wala ada, wala muhuri. Majaji V. R. Krishna Iyer na P. N. Bhagwati waliongoza njia hiyo, na maskini wa India wakaanza kuijua Mahakama ya Juu kwa jina.

Wako watakaosema majaji walikuwa wakitafuta sifa baada ya aibu. Mimi nauona mlango ule ulifunguliwa kwa toba, na kwa kuwa toba yao iliwatoa watu gerezani, siwaulizi zaidi kuhusu nia zao.

Mlango mpana nao una gharama yake. Mahakama yenye majaji 34 haiwezi kukaa pamoja. Hugawanyika katika majopo ya wawili wawili au watatu watatu, na ni maswali mazito ya katiba tu ndiyo yanayodai majaji watano au zaidi. Kesi zinazosubiri huko ni makumi ya maelfu. Tena Jaji Mkuu ndiye anayeamua kesi ipi iende jopo lipi, na mamlaka hayo si madogo. Mwezi Januari 2018 majaji wanne waandamizi waliita waandishi wa habari na kulalamika hadharani juu ya namna kesi nyeti zilivyokuwa zikigawanywa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika historia ya mahakama ile. Kwetu hapana hofu hiyo. Majaji wetu ni saba, hawawezi kukaa wakiwa pungufu ya watano, na uamuzi wao ni wa mahakama nzima. Katika hili nasema wazi kwamba napendelea mpango wetu.

Na mlango wetu je? Hapa kuna jambo ambalo wasaidizi wa kisheria mnapaswa kulishika vizuri. Kifungu cha 22 cha Katiba yetu kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza, au kwa maslahi ya umma, kinasema ada isitozwe kwa kufungua kesi ya namna hiyo, na kinataka mahakama ipokee hata maandishi yasiyo rasmi inapobidi. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 na Jaji Mkuu Willy Mutunga zinataja kabisa barua, na hata maombi ya mdomo. Barua ya Tihar iliwekwa ndani ya katiba yetu! Tofauti ni kwamba kwetu barua hiyo huingilia Mahakama Kuu, nayo tunayo hapa hapa Mombasa, wakati kule India mtu anaweza kuipeleka moja kwa moja juu kabisa. Safari ya kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu ndiyo inayowachosha watu wetu.

Mfano ni huu wa nyumbani. Wakazi wa Owino Uhuru, huku Mikindani, waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na sumu ya risasi ikaingia katika damu za watoto wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni ushindi mkubwa, nami niliufurahia kwa moyo wote. Lakini hesabuni: mama aliyekuwa na mtoto mchanga kiwanda kilipoanza kazi, mtoto wake sasa ni kijana.

Turudi kwenye ujasiri, maana ndipo nchi hizi mbili zinapokutana tena, na zilikutana karibu siku moja. Tarehe 24 Agosti 2017 majaji tisa wa India, katika kesi juu ya haki ya faragha, waliifuta rasmi ile hukumu ya aibu ya mwaka 1976. Mmoja wao alikuwa Dhananjaya Chandrachud, na babake, Jaji Y. V. Chandrachud, alikuwa mmoja wa wale wanne walioinama. Mwana aliandika kwamba hukumu ambayo baba aliiunga mkono ina makosa makubwa. Siku nane baadaye, tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga alisoma hapa kwetu uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili ulioubatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Lilikuwa jambo la kwanza barani Afrika.

Kwa kawaida tunaisimulia siku ile na kuishia hapo. Leo nawaomba tusiishie hapo. Rais Uhuru Kenyatta alisema ataheshimu uamuzi, na siku ile ile akawaita majaji wakora mbele ya umati. Tarehe 24 Oktoba, jioni, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, aliyekuwa pia mlinzi wake, alipigwa risasi. Kesho yake mahakama ilikuwa isikilize ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio. Maraga aliingia mahakamani akiwa na Jaji Isaac Lenaola peke yake. Majaji watano hawakupatikana, kesi haikusikilizwa, na uchaguzi ukafanyika tarehe 26. Sheria ile ile ya majaji watano niliyoisifu sasa hivi ndiyo iliyoifanya mahakama ishindwe kukaa siku ilipohitajika kuliko siku zote. Sikulisahau hilo nilipoisifu, na bado sina jibu lake lililo jepesi.

Katika Allahabad na katika Nairobi, jaji alisema hapana. Kilichotofautiana ni kwamba India ya mwaka 1975 ilijibu kwa magereza, na Kenya ya mwaka 2017 ilijibu kwa matusi, hofu na ucheleweshaji. Je, hayo ni maendeleo? Ndiyo, ni maendeleo, tena makubwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuifunga mahakama. Mwaka 2022 walioshindwa walikwenda tena mahakamani, mahakama ikaamua tarehe 5 Septemba, kwa kauli moja, kwamba uchaguzi ni halali, na nchi ikalala salama. Kutoka 2007 hadi hapo ni safari ambayo vijana wangu mnapaswa kuijua kabla hamjaidharau.

Nimetaja ucheleweshaji, na huo ndio unaonipeleka kwenye namna majaji wanavyopatikana. India, baada ya serikali kuwaruka majaji waandamizi mwaka 1973 na tena mwaka 1977, ilijenga ukuta. Kwa hukumu za mwaka 1993 na 1998, Mahakama ya Juu ilijipa neno la mwisho: Jaji Mkuu pamoja na wenzake wanne waandamizi ndio wanaopendekeza majaji wapya. Bunge lilipojaribu mwaka 2014 kuunda tume ya kuteua majaji, mahakama iliifuta mwaka uliofuata. Naielewa hofu yao, lakini siukubali mpango huo. Majaji kuchagua majaji faraghani, bila mwananchi kuujua mjadala, kunaondoa mkono wa serikali na pia jicho la umma. Isitoshe, ujaji mkuu kule hufuata ukuu wa kazi na majaji hustaafu wakiwa na miaka 65, kwa hiyo wako waliouonja wadhifa huo kwa wiki chache tu, K. N. Singh aliushika siku 17 mwaka 1991. Nao hawajawahi kuwa na Jaji Mkuu mwanamke.

Kwetu Tume ya Huduma za Mahakama ina majaji, hakimu, mawakili na wawakilishi wa umma, nayo huwahoji wanaotaka nafasi huku nchi nzima ikitazama. Jaji Martha Koome alihojiwa hivyo mwaka 2021 kabla ya kuwa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke, na alipoapishwa, wanawake walikuwa watatu kati ya saba. Hapa Kenya tumewashinda ndugu zetu wa India, na tuseme hivyo bila kuona haya.

Ila serikali zote mbili zimegundua silaha moja. Zikishindwa kuchagua jaji, hukaa juu ya karatasi. India, mapendekezo ya wale majaji watano hulala serikalini miezi na miaka. Kenya, majina yaliyopendekezwa mwaka 2019 yalikaa hadi Juni 2021, rais akawateua 34 na kuwaacha sita, ambao waliteuliwa na rais aliyemfuata mwezi Septemba 2022. Katiba haikumpa rais nafasi ya kuchagua kati yao, naye alichagua kwa kunyamaza.

Liko suala moja zaidi nitakalolipitia kwa haraka, ingawa wanasheria waliomo humu wangetaka tulale nalo. Je, Bunge linaweza kuibadilisha katiba yote? Mwaka 1973, katika kesi iliyofunguliwa na Kesavananda Bharati, kiongozi wa makao ya kidini ya Edneer jimboni Kerala, majaji 13 wa India waligawanyika saba kwa sita na kusema kwamba katiba ina muundo wa msingi ambao Bunge haliwezi kuuvunja. Mahakama Kuu yetu na Mahakama ya Rufaa ziliichukua hoja hiyo mwaka 2021 kuusimamisha mpango wa BBI, yaani mpango wa Rais Kenyatta wa kuibadilisha katiba. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, iliikataa hoja ya India, lakini nayo ikausimamisha mpango ule kwa njia nyingine, ikisema rais hawezi kutumia njia ya wananchi kuibadilisha katiba. Wengi waliona majaji wetu wameogopa. Mimi naona walisoma vizuri. India haina kura ya maoni katika kubadilisha katiba. Bunge, na mara nyingine mabunge ya majimbo, ndiyo humaliza kazi, kwa hiyo mahakama ilibidi iweke kizuizi. Katiba yetu imeweka kizuizi hicho yenyewe: mambo makuu hayabadiliki mpaka wananchi wapige kura. Dawa ya jeraha la wengine haifai kunywewa na kila mtu.

Nimalizie na jambo ninaloliomba, nalo nimelichukua India moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya India huendesha kesi zake kwa Kiingereza, kama yetu. Lakini mwaka 2023 ilianza kuchapisha kwa wingi tafsiri za hukumu zake katika Kihindi, Kitamil na lugha nyingine za nchi hiyo, bure, ili mtu asiye na wakili aweze kusoma alichoamuliwa. Katiba yetu, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hukumu ya Owino Uhuru imeandikwa kwa Kiingereza. Wazazi wa Mikindani waliopigania kesi ile kwa miaka hiyo yote wanasimuliwa hukumu yao na watu wengine.

Ombi langu kwa mawakili na walimu wa Kiswahili mliomo humu ni kwamba kabla ya mwezi huu kwisha tukae pamoja, tugawane kurasa za hukumu ile, tuitafsiri yote, na nakala ya kwanza ipelekwe Owino Uhuru, ya pili tuipeleke kwa Msajili wa Mahakama ya Juu pamoja na barua ya kuomba kwamba hukumu zijazo zitolewe kwa lugha zote mbili. Walio tayari kushika kalamu, karatasi ya majina iko pale mezani karibu na mlango. Sasa naomba maswali, na tuanze na wale waliosimama nyuma.